Mchezo wa Ustaarabu: Nani Ametunga Sheria?

Utangulizi

Kada mwenye shughuli nyingi anaweza kuuliza kwa nini jarida la nadharia litumie kurasa zake kuzungumzia mchezo wa kompyuta. Swali hilo ni la haki, na hapana budi tulijibu kabla ya kuendelea. Itikadi haiingii katika vichwa vya watu kwa vitabu na hotuba peke yake. Huingia kwa nyimbo, kwa filamu, kwa methali na kwa michezo. Tena huingia kwa urahisi zaidi pale ambapo mtu hana habari kwamba anafundishwa. Kijana anayesinzia katika somo la historia la saa moja atakesha mbele ya mchezo unaomsimulia historia yote ya binadamu, tangu jembe la kwanza hadi safari za angani. Mkufunzi asiyejua kijana huyo amefundishwa nini usiku, asubuhi ataanzia wapi?

Makala hii inauchambua mchezo unaoitwa Civilization, yaani Ustaarabu. Njia tuliyoitumia ni kulinganisha mbinu za wachezaji wawili: mwandishi wa makala hii, na mwenzake ambaye ni mkufunzi wa uchumi. Nani kati yetu ni fundi zaidi si jambo la kumshughulisha msomaji. Jambo la kumshughulisha ni kwamba ulinganisho wa mbinu, ukifanywa kwa makini, humfikisha mtu kwenye swali zito kuliko mbinu zenyewe: sheria za mchezo zimetungwa na nani, na zinatufundisha kuuona ulimwengu kwa macho ya nani?

Mchezo Wenyewe

Civilization ulitolewa Marekani mwaka 1991 na kampuni ya MicroProse. Waliouunda ni Sid Meier na Bruce Shelley. Tangu wakati huo yametoka matoleo makuu saba; la sita lilitoka mwaka 2016 na la saba mwaka 2025. Ni mchezo wa zamu: mchezaji hufanya maamuzi yake yote, kisha huwapisha wengine, kama wacheza bao wanavyopokezana. Katika toleo la sita, ambalo ndilo tutakalolitumia zaidi hapa, mambo huanza mwaka 4000 kabla ya Kristo. Mchezaji hupewa kundi moja la walowezi na kikosi kimoja cha wapiganaji. Walowezi hujenga mji wa kwanza, mji huzalisha chakula, chakula huongeza watu, watu huongeza uzalishaji, na uzalishaji huleta walowezi wengine, majeshi, maktaba, viwanda na majengo ya maajabu.

Njia za kushinda ni hizi: kuiteka miji mikuu ya mataifa mengine yote, kuwatangulia wengine katika sayansi na safari za angani, kuwazidi kwa utamaduni, kuwaenezea dini yako, na tangu nyongeza ya mwaka 2019, kushinda kwa diplomasia. Kwa kasi ya kawaida, zamu 500 zikiisha bila mshindi, mchezo huhesabu alama.

Mwaka 1993 mwandishi wa Marekani, Alan Emrich, akiueleza mchezo mwingine wa jamii hii uitwao Master of Orion, aliibatiza aina yote ya michezo hii kwa vitendo vinne. Kwa Kiswahili vitendo hivyo ni kupeleleza, kupanuka, kunyonya na kuangamiza. Wachezaji wa Ulaya na Marekani hulitumia jina hilo mpaka leo bila kushtuka. Msomaji aliyelelewa katika nchi iliyopelelezwa, ikapanukiwa na ikanyonywa hana budi kushtuka kidogo, kisha akae chini afikiri.

Njia Mbili za Kucheza

Mchezo huu unaruhusu watu wawili kuanza kwenye ramani ile ile, kila mmoja kwenye kompyuta yake, ili mwisho walinganishe walipofika. Sisi tulichagua taifa moja, Misri, na shabaha moja, ushindi wa sayansi.

Mwenzangu alifuata njia ya upana. Kila mji wake, mara tu ulipopata watu wa kutosha, ulitoa kundi la walowezi. Kufika zamu ya 100 alikuwa na miji 10, mingi midogo, na mingine haikuwa na kitu ila ukuta na ghala. Mimi nilifuata njia ya urefu: miji 5, kila mmoja umekuzwa kwa umwagiliaji, maghala na nyumba, watu wake wengi na maajabu yake mawili matatu. Ukiitazama ramani yangu ungesema hapa kuna nchi iliyopangwa. Ukiitazama ya kwake ungesema hapa kuna kambi.

Mwenzangu alikamilisha safari ya angani katika zamu ya 247. Mimi nilikamilisha katika zamu ya 291.

Sababu ni ya kihesabu. Katika toleo la sita kila mji unaweza kuwa na mtaa mmoja tu wa elimu. Mwenye miji 10 ana mitaa 10 ya elimu, mwenye miji 5 ana 5. Tena, ili mji upate mtaa mwingine, unahitaji watu 3 zaidi. Na kuongeza mtu mmoja katika mji mkubwa ni ghali kuliko katika mji mdogo. Ni kweli kwamba kila kundi la walowezi huupunguzia mji mtu mmoja, na kila kundi jipya lina gharama kubwa kuliko lililotangulia. Lakini gharama hiyo hurudi upesi. Kwa hiyo mwenzangu alitoa hitimisho lake kwa sauti ya mwalimu: upanuzi ni kanuni ya maendeleo.

Hitimisho hilo halikuniridhisha. Nilimwomba tulirudie shindano kwa toleo la tano, lililotoka mwaka 2010, pamoja na nyongeza yake ya mwaka 2013. Yeye akachukua tena njia ya upana na mimi njia ya urefu. Safari hii mambo yakageuka. Mimi nilimaliza kwa miji 4, yeye alikwama na miji 9. Sababu ni ya kihesabu vilevile. Katika toleo la tano furaha ya watu ni mfuko mmoja wa taifa zima, na kila mji mpya huuchota mfuko huo. Katika nyongeza ya 2013, kwenye ramani ya kawaida, kila mji mpya huongeza gharama ya uvumbuzi wa kisayansi kwa asilimia 5. Aidha, moja ya sera kuu za toleo hilo hutoa majengo ya bure katika miji 4 ya kwanza tu. Mchezo wenyewe unakwambia: ishia hapo.

Kanuni ya Nani?

Hapa ndipo ulinganisho unapoanza kuzaa matunda. Mchezo ule ule, kampuni ile ile, historia ile ile ya binadamu inayodaiwa kusimuliwa. Lakini mwaka 2010 upanuzi ni ugonjwa, na mwaka 2016 upanuzi ni dawa. Mwaka 2025 toleo la saba limekuja na kikomo cha idadi ya makazi, na anayevuka kikomo hicho hulipa kwa manung'uniko ya watu wake.

Kanuni za maendeleo ya jamii hazibadiliki kwa sababu mtengenezaji wa mchezo amebadilika. Jamii haiwezi kugawana ambacho haijazalisha. Jambo hilo lilikuwa kweli wakati wa mawe na ni kweli leo. Lakini kama upanuzi unalipa au haulipi katika Civilization, hilo huamuliwa na watu wachache ofisini, wanaotaka mchezo uwe na mvuto na uuzike. Hakuna ubaya wa kutafuta mvuto katika mchezo. Ubaya huanza pale mchezaji anapoondoka mezani akiamini kwamba amejifunza sheria ya historia, kumbe amejifunza uamuzi wa mtu.

Bao halina hatari hiyo. Wachezaji wawili wana kete 64, kila mmoja 32. Mashimo yote yako wazi mbele ya macho yao. Na hakuna aliyewahi kudai kwamba nyumba ya bao inaeleza jinsi dola zinavyoinuka na kuanguka. Civilization unadai. Jina lake ni dai la kwanza.

Na jina hilo lina uzito wa pekee katika lugha yetu. Neno ustaarabu lina asili ya Kiarabu, na asili hiyo ina maana ya kuwa kama Mwarabu. Upande wa pili wa neno hilo pwani walisimamisha neno mshenzi, wakimwita hivyo mtu wa bara. Sisi Waswahili tunajua, kutokana na maneno ya vinywa vyetu wenyewe, kwamba anayepima ustaarabu hushika kipimo mkononi mwake. Kwa hiyo tunapoona kwamba matoleo ya mchezo huu, tangu la kwanza hadi la sita, yamejaza msituni watu wasioweza kushinda, ambao kazi yao ni kuvamia na kuuawa, hatuna haja ya mkalimani. Tunawafahamu. Ni washenzi wa mchezo.

Yaliyo Nyuma ya Ushindi

Tukishaacha kuuliza nani ameshinda, tunaanza kuona mambo ambayo njia yangu na njia ya mwenzangu zilikuwa zikiyafanya kwa pamoja. Tutaje manne.

Kwanza, ardhi tupu. Mlowezi huona uwanda, hujenga, na ardhi ni yake. Vijiji vidogo vilivyomo njiani, mpiganaji akivikanyaga, hutoweka na kumwachia zawadi: dhahabu, elimu, wakati mwingine watu. Hakuna anayeuliza wanakijiji wamekwenda wapi. Lugha nyingine zinaweza kulisoma neno mlowezi kwa upole. Katika Afrika ya Mashariki, neno hilo lina mashamba, lina kipande, lina vita vya Kenya vya miaka ya 1950.

Pili, mfanyakazi. Katika toleo la sita mashamba, machimbo na malisho hutengenezwa na wajenzi. Mjenzi kwa kawaida ana uwezo wa kufanya kazi mara 3. Akimaliza ya tatu, anafutika kwenye ramani. Haendi nyumbani, hazeeki, hadai malipo. Shamba linabaki na mavuno yanaendelea kwa zamu 400. Mwenzangu alitumia wajenzi wengi kwa kazi ndogondogo, mimi nilitumia wachache kwa kazi kubwa. Tulibishana muda mrefu nani aliwatumia vizuri zaidi. Katika ubishi huo wote, hakuna aliyesema neno juu ya kufutika kwao. Hivyo ndivyo sheria iliyotungwa na mwingine inavyomfanya hata mwalimu wa siasa ahesabu jasho la mtu kama anavyohesabu mafuta ya taa.

Tatu, utumwa. Toleo la nne, la mwaka 2005, hupokea mchezaji kwa wimbo wa Kiswahili uitwao "Baba Yetu", uliotungwa na Christopher Tin wa Marekani. Maneno yake ni Sala ya Bwana. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukawa wa kwanza kutoka mchezo wa kompyuta kuipata, na Waswahili wengi walifurahi, kwa haki kabisa. Lakini ndani ya toleo hilo hilo, mchezaji akishajua kufua shaba anaweza kuchagua utumwa uwe sera ya kazi ya nchi yake. Sera hiyo humruhusu kutoa watu wa mji wafe ili jengo liishe upesi. Wachezaji hodari wameifanyia hesabu za kina, kwa sababu ni moja ya sera zenye faida kubwa katika mchezo mzima. Watu hufa, mji hula, watu hukua tena. Lugha ya wajukuu wa waliouzwa inaimba mlangoni, na sebuleni utumwa ni hesabu ya faida tupu. Hakuna mtumwa hata mmoja mwenye jina, na hakuna anayetoroka.

Nne, sisi wenyewe. Katika toleo la kwanza yalikuwamo mataifa 14. Kutoka kusini mwa Sahara lilikuwamo moja, Wazulu. Toleo la sita ni afadhali zaidi: wamo Kongo, Nubia, Mali na Uhabeshi. Pwani yetu nayo imo, lakini imo kwa namna gani? Unguja ni mji mdogo usioweza kushinda. Anayepeleka wajumbe wengi kuliko wenzake, wasiopungua 3, huuweka mji huo chini ya himaya yake na kupata karafuu na mdalasini, bidhaa zisizopatikana penginepo. Kila moja hutoa starehe 6 kwa miji yake. Neno himaya hatukulitafuta mbali: Unguja halisi iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890. Karafuu halisi zilipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na amri ya kufuta utumwa wenyewe ilikuja mwaka 1897. Katika mchezo karafuu hazina mchumaji. Zinafika tu.

Kilwa Kisiwani imo kama jengo la maajabu tangu nyongeza ya mwaka 2018. Taifa lolote lenye pwani linaweza kuijenga na kuvuna faida yake. Mwaka 2021 Ureno iliongezwa kwenye mchezo, ikapewa ustadi wa biashara ya baharini. Kwa hiyo mchezaji anaweza leo kuiongoza Ureno, akaijenga Kilwa, na Kilwa ikawa fahari ya Ureno. Katika historia halisi, Ibn Battuta aliikuta Kilwa mwaka 1331 ikiwa mji wenye sifa, ukitajirika kwa dhahabu ya Sofala. Na mwaka 1505 meli za Francisco de Almeida zilifika, Wareno wakauvamia na kuupora. Mchezo umemruhusu mporaji awe mjenzi, na Wakilwa wenyewe hawamo hata kama washenzi.

Hatukuwa wa kwanza kuliona tatizo hili. Mwaka 2018, taifa la Wakri wa Kanada lilipoingizwa katika mchezo pamoja na kiongozi wake wa karne ya 19, Poundmaker, Milton Tootoosis, mmoja wa viongozi wa watu hao, alilalamika hadharani. Hoja yake ilikuwa kwamba kuwekwa kwao katika mashindano ya kutwaa ardhi kunaendeleza uzushi wa kikoloni, kana kwamba wao nao walikuwa na tamaa ile ile ya kuteka wengine. Hoja hiyo inagusa mzizi. Kuongeza mataifa mezani si ukombozi iwapo kila anayekaribishwa hupewa jembe la aina moja na shabaha ya aina moja.

Hoja za Mwenzangu

Mwenzangu hakunyamaza, na hoja zake zinastahili kuandikwa kwa uaminifu.

Alisema kwanza kwamba mchezo hautulazimishi kupigana. Ni kweli, yeye alishinda bila kuteka mji hata mmoja. Lakini hata mchezaji wa amani anakimbia mbio ambazo, isipokuwa wachezaji wameunganishwa kuwa timu moja, zina mshindi mmoja tu. Sayansi ya mmoja ni kushindwa kwa wengine wote. Dawa aliyoivumbua huyu haimponyi yule. Amani ya namna hiyo ni vita iliyovaa koti la maabara.

Alisema pili kwamba mchezo unajirekebisha. Hilo nalo ni kweli, na mhakiki mwenye haki lazima alikubali. Toleo la saba limewaondoa wajenzi wanaofutika. Limewaondoa pia washenzi, na mahali pao limeweka jamii zinazojitegemea ambazo mchezaji anaweza kufanya nazo urafiki. Nyongeza ya 2019 ya toleo la sita ilileta jambo kubwa zaidi: moshi wa makaa na mafuta unaochomwa na taifa moja huinua bahari ya dunia nzima, na mawimbi hufunika pwani za wasiochoma chochote. Sijaona somo la darasani linaloonyesha haraka namna hiyo jinsi gharama ya utajiri wa mmoja inavyotupwa mlangoni mwa mwingine. Lakini toleo hilo hilo la saba, katika zama zake za uvumbuzi wa mabara, humzawadia mchezaji kwa kuanzisha makazi ng'ambo na kusafirisha hazina kwa meli hadi kwao. Mkono mmoja unafuta, mwingine unaandika.

Alisema tatu, na hii ndiyo hoja yake bora, kwamba mchezo unafundisha mpango: kwamba ukijenga jeshi leo hutajenga ghala, na njaa ya zamu ya 80 hupandwa katika zamu ya 40. Nakubaliana naye kabisa. Kada anayetoa ahadi kumi kwa bajeti moja angefaidika kukaa mbele ya mchezo huu jioni mbili. Hata hivyo, mpango wa mchezo hauna mikutano. Mtawala anaona ramani yote ya nchi yake, anaishi miaka 6,000, haulizwi, haondolewi. Watu hawana sauti ila namba ya furaha: ikipanda wanazalisha, ikishuka wanaasi. Mtu anayezoea kupanga hivyo atashangaa siku atakapokaa na wanakijiji halisi, ambao wana maoni juu ya mahali pa kuchimba kisima, na mara nyingi wanajua maji yalipo kuliko yeye.

Kazi ya Mkufunzi

Tufanye nini basi? Kupiga marufuku ni uvivu wa fikra. Kijana atacheza kwa siri na atakosa wa kujadiliana naye. Kuuachia uwe burudani tupu ni uvivu vilevile. Katika darasa letu tumeanza kuutumia kwa njia ile ile tuliyoitumia sisi wawili: wanafunzi wawili, ramani moja, shabaha moja, mbinu mbili, halafu wanalinganisha mbele ya wenzao. Baada ya kulinganisha wanajibu maswali matatu.

Swali la kwanza: ni sheria ipi iliyofanya mbinu ya mshindi ilipe, na sheria hiyo ingebadilishwa, nani angeshinda? Swali la pili: katika ushindi huo, nani alifanya kazi, na mchezo umemhesabu au umemfuta? Swali la tatu: ni jamii zipi zilizokuwapo kwenye ramani lakini hazikuruhusiwa kushinda?

Maswali hayo hayana siri. Yanafaa kuulizwa kuhusu bei ya kahawa katika soko la dunia, kuhusu masharti ya mkopo, kuhusu mkataba wa mgodi. Huko nako mara nyingi tunabishana kwa bidii juu ya mbinu: tuzalishe zaidi au tuzalishe bora zaidi, tupanuke au tujikuze. Ubishi huo ni wa lazima, na anayeudharau hatapata chochote. Lakini mwenye kubishana juu ya mbinu peke yake amekwisha kukubali, bila kutia sahihi, kila kitu kilichoandikwa na aliyetunga sheria. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza juu ya sheria akiwa mchezoni, ambako akikosea hakuna anayelala njaa, atakuwa na zoezi la kutosha siku atakapoketi mezani ambako wapo wanaolala njaa.

Mwenzangu na mimi bado tunacheza. Yeye bado anapanuka, mimi bado ninajenga. Ila siku hizi kabla ya zamu ya kwanza tunaisoma sheria pamoja, kipengele kwa kipengele, na ndipo tunapoanza kubishana.